Neno la Siri la Ishirini na Moja

Kochi la saluni lilikwama kwenye ujia wa ghorofa ya kwanza saa sita na nusu mchana, siku ya Jumamosi, wakati jengo la maduka limefurika watu. Lilikuwa kochi la kukalia watatu, jekundu, na mwenye saluni alikuwa amemhakikishia fundi wake kwamba kona ile inapitika. Haikupitika. Mguu mmoja ulinasa kwenye nguzo, mgongo ukaegemea kaunta ya mtengeneza simu, na mtengeneza simu mwenyewe akabaki ndani ya kibanda chake, hana pa kutokea.

Watu wa jengo lile walimwita Dada Chaja, kwa kuwa alianza biashara miaka tisa nyuma kwa kuuza chaja juu ya kiti cha plastiki. Sasa alikuwa na kibanda chenye kabati la kioo, taa mbili na bisibisi ndogo ndogo zilizopangwa kwa urefu. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau la mikono mifupi, na kichwani alijifunga ile lenzi yake ya kukuzia vitu, iliyomfanya aonekane ana jicho moja kubwa kuliko la pili.

"Kaka, umenifungia ndani," alisema.

"Nisamehe, dada. Nipe dakika tano nilifungue miguu."

"Dakika tano za saa, au za mafundi?"

Yule mwanamume alifikiri kwanza. "Za mafundi," akakiri.

Zikawa hamsini. Wateja walipitishiana simu juu ya kochi, na mzee mmoja aliyechoka kusimama akaona heri akae papo hapo, tena akaombwa mara mbili ndipo akanyanyuka. Fundi wa makochi alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, shati la kijivu, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na uzi mwekundu umemnata kwenye ndevu bila yeye kujua. Kila alipopumzika kidogo alimtazama Dada Chaja akiinua kioo cha simu kilichopasuka kwa ncha ya kibanio. Alimwambia kwamba yeye akikosea kipimo kidogo, kitambaa huvutwa kikafika. Je, fundi wa simu akikosea? Dada Chaja alijibu kwamba yeye akikosea mteja hulia, na baadhi yao hulia kweli. Alipokuwa akisema hivyo aliunyosha mkono juu ya kochi akauondoa ule uzi ndevuni, kama anavyoondoa vumbi kwenye simu ya mtu, kisha akaendelea na kazi. Ni yule mwanamume aliyebaki ameduwaa.

Kochi lilipofika saluni, alirudi. Aliuliza kama simu iliyokaa miezi saba kioo kimevunjika inaweza kufufuka. Dada Chaja alimwambia ailete aione.

Aliileta Jumatatu, ameifunga ndani ya kipande cha mahameli. Jina lake la mtaani lilikuwa Bwana Makochi, karakana yake ilikuwa mitaa mitatu kutoka pale, na simu ilikuwa ya marehemu mkewe. Alieleza kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye bisibisi. Mkewe, mama Kidoti, alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Siku moja asubuhi, simu ikiwa mkononi, alianguka nyuma ya kaunta. Mshipa ulipasuka kichwani. Jioni haikumkuta hai. Walikuwa na mtoto mmoja, Kidoti, mwenye umri wa miaka minane.

Kilichomleta kilikuwa hiki: kila kitu cha nyumbani kilipita kwenye simu ile. Matokeo ya mtoto shuleni, kadi yake ya kliniki, maji, umeme, hata oda za vitambaa vya karakana. Shule ilikuwa ikituma taarifa kwa akaunti ya mama, na baba hakujua hata pa kuanzia kuingia. "Nilikuwa mgeni kwangu," alisema. Kisha, kama aliyeona amesema vibaya, akaongeza, "Lakini tuliishi vizuri. Hatukuwahi kugombana."

Kioo kipya kilipowaka, namba ya kufungulia alikuwa nayo, tarehe ya kuzaliwa kwa Kidoti. Picha ya mtoto asiye na meno ya mbele ikajitokeza. Aliitazama, akairudisha simu kwa Dada Chaja.

Dada Chaja alimweleza kwamba siku hizi watu hawakariri maneno yao ya siri. Kile kivinjari, yaani programu anayofungulia mtu mtandao, humuuliza kama kimhifadhie neno lake, na watu hubonyeza "Hifadhi" bila hata kusoma. Tangu hapo simu humkumbukia. Yote huwa yamepangwa mahali pamoja ndani, na anayejua namba ya kufungulia simu anaweza kuyaona.

"Kwa hiyo yumo humo," alisema Bwana Makochi.

"Maneno yake ndiyo yamo."

Alimwomba ayanakili yote kwenye daftari, tena ajaribu moja moja kuhakikisha linafungua. Yeye mwenyewe hangeweza kukaa akitazama. Angerudi jioni.

Kwa miaka tisa Dada Chaja alikuwa ameona mengi ndani ya simu za watu. Aliona picha ambazo wenyewe waliapa hawana, na majina ya kike yaliyoandikwa "Fundi Bomba." Hata uongo wa mchumba wake wa kwanza aliugundua hivyo hivyo, kwa simu aliyompa amrekebishie spika. Kutokana na hayo alijiwekea sheria tatu: asisome, asifute, asisimulie. Aliyashika masharti hayo hata kwa watu aliowachukia.

Maneno ya siri yalikuwa ishirini na moja. Ishirini yalifanana, yote yakiwa jina la utani la mtoto na tarakimu mbili tatu mbele yake. Lile moja lililobaki halikutungwa na mtu. Lilikuwa la zile herufi na namba zilizovurugwa ambazo simu huzipendekeza yenyewe, mwenye simu akakubali tu, hata yeye asilijue. Tovuti yake ilikuwa ya vyumba vya kupangisha. Dada Chaja aliifungua kuijaribu kama alivyozijaribu nyingine, na mstari wa kwanza ukawa mbele ya macho yake kabla hajajizuia: *Natafuta chumba kimoja, mimi na mwanangu tu. Nahamia mji wenu mwezi ujao.* Tarehe ilikuwa wiki tatu kabla ya mama Kidoti kuanguka.

Hakusoma zaidi. Alikaa, lenzi ikiwa bado kichwani, akalisikia tena neno la yule mwanamume: tuliishi vizuri. Halafu akarudi kwenye orodha, akaligusa neno la ishirini na moja, na simu ikamuuliza kama ana hakika anataka kulifuta. Akabonyeza ndiyo.

Jioni Bwana Makochi alilipokea daftari. Alilipekua mara ya kwanza, akalipekua tena kuanzia mwisho.

"Ndizo akaunti zote?"

"Ndizo zote," alisema Dada Chaja.

Alishukuru, akalipa, akaondoka polepole. Dada Chaja alidhani ule uzito wa miguu ni wa majonzi.

Alirudi Alhamisi kwa kuwa programu ya shule ilimshinda. Jumanne akarudi tena, hii ikiwa kadi ya kliniki. Wiki ya tatu alikuja na Kidoti, aliyevaa sare ya shule na soksi moja iliyoteremka, na Kidoti akauliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kutengeneza vitu vidogo namna ile. Mama mdogo wa Dada Chaja, aliyekuwa na duka la mabegi jirani na kibanda, alivumilia mwezi mzima kabla ya kusema neno. Siku aliposema, alisema kwamba hajawahi kuona simu nzima ikiletwa kwa fundi mara nyingi namna ile.

Kila jioni walipigiana simu. Aliyekuwa akipiga ni Bwana Makochi, akiwa bado karakanani, na sauti ya stepla ikisikika kila baada ya sentensi.

"Fundi mwenzangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umesema maneno mangapi?"

"Kabla yako? Kumi na mawili."

"Ulimwambia nani?"

"Mteja. Nilimwambia, kochi lako litakuwa tayari Alhamisi."

"Hayo ni matano."

"Nilirudia, hakuniamini. Mawili yaliyobaki ni salamu."

Dada Chaja alicheka mpaka mama mdogo akachungulia kutoka kwenye mabegi yake. Ukimya wa yule mwanamume haukumtisha. Aliuona kama kabati lililofungwa kwa muda mrefu, ambalo sasa mwenyewe analifungua droo moja moja. Bwana Makochi alimsimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kushona kwa kumpiga kofi kwa kila mshono uliopinda. Alimsimulia kwamba hupenda harufu ya mbao mpya na kwamba huogopa lifti. Mwezi wa tatu "fundi mwenzangu" likawa "fundi wangu," na hakuna aliyelitaja badiliko hilo. Mwezi wa nne walitembea Jumapili mtaani, yeye kavaa shati jeupe lililopigwa pasi na Kidoti, likiwa na mikunjo miwili mgongoni, na Dada Chaja kavaa gauni la kijani na viatu vya wazi, na mikono yao ikawa inagusana kila hatua mpaka ikachoka kujifanya haikusudii.

Jambo moja tu lilimsumbua Dada Chaja. Kila furaha yake ilipokuwa imetulia, alikumbuka ule mstari aliousoma na lile neno alilolifuta. Alijiambia kwamba amemwondolea mtu mwiba. Alijiambia kwamba marehemu hawezi kujitetea. Hakuwahi kujiambia kwamba alisema uongo.

Mwezi wa tano shule ilidai barua ya zamani. Bwana Makochi aliingia kwenye barua pepe za mkewe kuitafuta, na huko chini, baina ya matangazo, akakuta taarifa moja ya siku mbili kabla ya kifo: *Una ujumbe mpya kutoka kwa mwenye chumba. Ingia usome.* Alipojaribu kuingia, tovuti ilidai nywila, yaani neno la siri. Alilitafuta kwenye daftari, mstari kwa mstari. Halikuwemo.

Alikwenda kwenye kibanda asubuhi hiyo hiyo. Wateja wawili walikuwa wamesimama kwenye kaunta. Aliiweka simu juu ya kioo, akaielekeza kwake.

"Hii haimo kwenye daftari," alisema. "Uliniambia ndizo zote."

Dada Chaja angeweza kusema haikuwemo. Uongo huo ungepita. Hakuna ambaye angejua. Lakini alikwisha kuizoea sauti ya yule mtu akimwambia mambo ya kweli.

"Ilikuwemo," alisema. "Niliifuta."

"Uliisoma?"

"Mstari wa kwanza."

"Basi tangu siku ile unajua."

"Tangu siku ile."

Bwana Makochi alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha vipimo. Aliitia simu kwenye mfuko wa shati na kwenda zake. Hakugombana wala hakupaza sauti. Mteja mmoja aliuliza kama zamu yake imefika.

Dada Chaja alimpigia jioni, simu ikaita mpaka ikakata. Alimpigia kesho yake na keshokutwa. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: *Nisamehe.* Ulisomwa, haukujibiwa. Wiki tatu zilipita hivyo. Alimweleza mama mdogo yote, kuanzia orodha mpaka kaunta, na mama mdogo akaacha kazi ya kujaza mabegi karatasi ili yasimame vizuri.

"Mwanamke mwingine angekimbia kumwonyesha," mama mdogo alisema. "Angesema, tazama, huyo unayemlilia alikuwa anakukimbia. Wewe ulimlinda mwenzio aliyekufa. Lakini ulimfanya mtu mzima mtoto, mwanangu. Hilo ndilo linalomuuma."

Dada Chaja aliamini sababu ni nyingine. Aliamini kwamba mwanamume yule bado anampenda mkewe, na kwamba kwa kusoma mstari ule na kukaa nao yeye amemgusa marehemu kwa mikono michafu. Mitaa mitatu kutoka hapo Bwana Makochi naye alikuwa na imani yake, nayo ilikuwa na uchungu zaidi. Alikumbuka kila simu, kila kicheko, ule uzi ulioondolewa ndevuni, akaona yote yamegeuka rangi. Wa kwanza alitaka kuniondokea, alijiambia, na wa pili amekaa kwa kunihurumia. Alisahau kwamba uzi uliondolewa siku mbili kabla ya orodha. Mtu akiumia hasomi tarehe.

Ijumaa moja mchana simu ya Dada Chaja iliita, namba ikiwa ya Bwana Makochi. Aliyekuwa upande wa pili ni Kidoti.

"Anti, mbona huji?"

Dada Chaja alimwambia kazi zimekuwa nyingi.

"Baba amenyamaza tena," Kidoti alisema. "Kama zamani. Ukimuuliza kitu anasema sawa. Nilimuuliza kama naweza kula chakula na mikono yenye gundi, akasema sawa."

Kisha akasikika mtu akiuliza anaongea na nani, na simu ikabadilisha mikono. Dada Chaja alishikilia simu sikioni. Alisikia pumzi anayoijua.

"Ni mimi," Bwana Makochi alisema hatimaye. "Naomba uje karakana Jumapili mchana. Kuna jambo nataka kulisema. Nikija kwako, mbele ya watu, nitashindwa."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye milango miwili ya mabati, sponji zimerundikwa hadi darini, na katikati fremu tupu ya kochi, mbao na springi tu. Kidoti alikuwa amekwenda kwa rafiki yake. Dada Chaja alivaa gauni la kawaida la kazini. Hakutaka aonekane amekuja kupendeza. Walikaa kwenye fremu ile, springi moja ikiwa kati yao.

"Nilijua anaondoka," alisema Bwana Makochi.

Dada Chaja aligeuka kumtazama.

Alimweleza. Jioni moja, wiki tatu kabla hajaanguka, mama Kidoti alikuwa akifuta sahani. Alisema bila kumtazama kwamba amechoka kuishi na mtu asiyesema, na kwamba ataondoka na mtoto. Yeye alijibu sawa. Neno hilo moja. Kisha akaenda kumalizia kiti cha mteja. Usiku huo na siku zilizofuata alikuwa na maneno mengi kifuani, na hakuna lililofika mdomoni.

"Nilipokuambia hatukuwahi kugombana, sikudanganya. Kugombana kunataka watu wawili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningemwambia mtu nini, kwamba mke wangu amekufa akiwa njiani kuniacha?" Alishika springi kwa vidole, akaiachia. "Lakini siku nne kabla hajaanguka alinunua mapazia. Mapya, ya maua madogo. Nikasema moyoni, mtu anayeondoka hanunui mapazia. Labda amebadili nia. Sikumuuliza. Akafa, na mimi sijamuuliza. Niliyatundika baada ya mazishi. Yalikuwa mafupi kwa madirisha yetu, nikadhani amekosea vipimo."

Dada Chaja alianza kuelewa.

"Simu ile sikuileta kwa ajili ya shule," aliendelea. "Shule ilikuwa sababu ya kusema. Niliileta nijue kama alibadili nia. Nilipolipekua daftari lako, nilikuwa natafuta jibu hilo. Halikuwemo, nikajipa matumaini kwamba labda hakuwahi kutafuta pa kwenda. Miezi mitano nimeishi kwa matumaini hayo. Wewe ndiye uliyenipa."

"Nilidhani nakuondolea maumivu."

"Najua. Nimekaa wiki tatu nikitaka kukuchukia, nimeshindwa. Nieleze jambo moja tu. Ulikuwa unanihurumia?"

Dada Chaja alimgeukia.

"Siku ya simu, ndiyo, nilikuhurumia," alisema. "Siku ya kochi, sikuwa na cha kukuhurumia, ulikuwa umenifungia ndani tu. Na miezi yote mingine, hapana. Huruma haimngojei mtu apige simu saa kumi na mbili kila siku huku imeshika simu mkononi tangu saa kumi na moja. Lakini nilikudanganya, na niliona raha kukudanganya, kwa sababu nilitaka uje kwangu ukiwa mzima. Hilo ndilo la kuniwia radhi."

Bwana Makochi aliinamisha kichwa. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia mpaka yakapotea.

"Uliifuta kabisa?" aliuliza.

"Nilifuta kumbukumbu ya simu tu. Akaunti yenyewe iko hukohuko kwenye tovuti. Ni kama umetupa ufunguo, nyumba haijabomoka. Tukisema tumesahau nywila, wanatuma barua kwenye barua pepe yake, na barua pepe unayo." Alikunja mikono. "Lakini safari hii unafungua wewe. Mimi nitakaa."

Bwana Makochi aliitoa simu ya mkewe, akafungua yeye, kwa kidole kizito. Barua ilikuja. Tovuti ilitaka atunge neno jipya. Dada Chaja akageuza uso kutazama sponji mpaka alipomaliza. Simu iliuliza kama ihifadhi. Bwana Makochi alifikiri.

"Hifadhi," alisema kwa sauti, na kubonyeza. "Kidoti akikua atataka kusoma. Nataka ayasikie kwangu kwanza, halafu asome mwenyewe."

Walisoma pamoja, kichwa karibu na kichwa. Mwenye chumba alikuwa mwanamke mkarimu. Alieleza choo kiko wapi na shule ya karibu ni ipi. Mama Kidoti aliuliza maswali ya mtu makini. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa siku tatu kabla ya kifo:

*Dada, nitakuja tarehe mosi kama tulivyopatana. Nimeshanunua mapazia ya lile dirisha dogo. Naomba kitanda cha mtoto kiwe upande huo, anaogopa giza.*

Chini yake kulikuwa na wa mwenye chumba, ule ambao haukusomwa: *Sawa, mdogo wangu. Ufunguo utaukuta kwa jirani.* Na mwingine, wa mwezi uliofuata: *Mbona kimya? Tulikungoja.*

Bwana Makochi aliyarudia maneno ya mapazia mara tatu.

"Hakukosea vipimo," alisema.

Machozi yalimtoka bila sauti, yakateremka hadi kwenye ndevu. Dada Chaja hakumfuta. Alisogea tu, akawa upande wake wa springi.

"Unasikiaje?" aliuliza.

"Kama mtu aliyekuwa anangoja nje ya mlango, akaambiwa wenyewe wamehama." Alivuta pumzi. "Mwaka sasa nangoja anijibu. Kumbe alishanijibu. Na sina hasira naye. Alimfikiria mtoto na giza. Mimi sikujua hata kama anaogopa giza."

Kisha alifanya jambo ambalo Dada Chaja hakulitegemea. Alimwandikia mwenye chumba, polepole, herufi moja moja, akijieleza kwamba yeye ni mume wa yule mwanamke, kwamba alifariki ghafla kabla ya tarehe mosi, na kwamba anamshukuru kwa kumpokea vizuri mkewe. Aliutuma. Akaiweka simu pembeni, akajipangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha kochi.

"Fundi wangu," alisema. "Mara ya kwanza nilisema sawa, nikaenda kushona kiti. Sitaki kukosea kosa hilo mara ya pili. Nakupenda. Nataka nikuoe."

Dada Chaja alishika funguo za kibanda chake mapajani. Moyo ulitaka kujibu papo hapo. Lakini barua ya mwanamke mwingine ilikuwa bado inang'aa kwenye kioo kando yao.

"Usiniulize leo," alisema. "Leo ni siku yake. Nenda nyumbani ukayateremshe mapazia, ukakae na mtoto umwambie unachoweza kumwambia. Ukiona Jumamosi bado unalo swali, uniletee kule kwangu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Wiki hiyo Bwana Makochi alimpigia kila siku saa kumi na mbili, na hawakuligusa neno hilo. Alimwambia kwamba madirisha yako wazi na Kidoti analala taa ikiwa imewashwa. Alimwambia kwamba mtoto aliuliza kama mama alikuwa amekasirika, na yeye akamjibu kwamba mama alikuwa amechoka, na kwamba kosa lilikuwa la baba. Maneno mengine yalimchukua dakika nzima kuyatoa. Dada Chaja alisubiri.

Jumamosi Bwana Makochi alikuja mchana, jengo limejaa. Alivaa lile shati jeupe, safari hii bila mikunjo. Kwenye kaunta palikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akililia simu yake iliyoanguka kwenye ndoo, na mama mmoja aliyesahau nywila ya kila kitu. Dada Chaja alikuwa ameinama, lenzi kichwani, akiunganisha waya mwembamba kuliko unywele. Mama mdogo aliinua begi moja na kulishusha, akalinyanyua tena, ili mradi awe na sababu ya kusimama hapo.

Bwana Makochi alishika kingo za kaunta. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alisubiri mwanafunzi amalize kujieleza, na alipoona hamalizi, akasema juu ya kichwa chake, wala si kwa kunong'ona:

"Swali langu bado ninalo. Utakubali nikuoe?"

Mwanafunzi aliinua uso. Mama aliyesahau nywila aligeuka. Dada Chaja hakuinua uso. Kibanio kilikuwa hewani, na waya ukikatika ingemlazimu aanze upya. Aliufikisha mahali pake, akaubana, akaupuliza.

"Nimekubali," alisema. "Sasa sogea kidogo, unaniziba mwanga."